ULIZA FUNDI: Hedifoni nzuri lakini sauti ndogo, ninunue mashine gani?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanahusu hedifoni, sijui mmeambiana, basi wale wa ving'amuzi na redio za magari mnivumilie mpaka toleo lijalo. Naanza na kijana wa Tabata kwa sababu swali lake limebeba na ya wenzake watatu ambao sikuwachapisha.

SWALI: Shkamoo fundi. Kaka yangu anaishi Ujerumani, alipokuja likizo kaniletea hedifoni za Beyerdynamic DT 990 Pro, zimeandikwa omu 250. Safi kinoma ila sauti ndogo, simu nimeweka mpaka mwisho na bado naisikia feni ya chumbani. Nikaenda Kariakoo, jamaa kaniambia hizo haziendi bila amplifaya ya laki nne na DAC yake pembeni. Mi nina laki moja na nusu tu na hapo nishajinyima. Nifanyeje? Na hivi DAC ni kitu gani hasa? (Msomaji, Tabata)

FUNDI: Marahaba. Kwanza hiyo laki moja na nusu ifiche, ukinisikiliza utabaki na chenji.

Tuanze na hiyo DAC, wenyewe wanaitamka daki. Wimbo ukiwa ndani ya simu ni namba tupu, na sikio halisikii namba, sasa lazima kiwepo kidubwana cha kuzigeuza namba ziwe umeme unaopanda na kushuka kama wimbi, hicho ndo DAC. Umeme ukitoka hapo bado mnyonge, hauwezi kutikisa hedifoni, ndo inakuja amplifaya kuupa nguvu. Basi, hamna uchawi mwingine. Kila simu yenye tundu la hedifoni inavyo vyote viwili ndani. Apple walipotoa iPhone 7 mwaka 2016 bila tundu na wengine wakafuata, hivo vidubwana vikahamia nje kwenye kile kiadapta kifupi ambacho wengi tunakiona kama kipande cha waya, kumbe mle kwenye kichwa cha plastiki kimebeba DAC na amplifaya kamili.

Sasa hiyo omu 250, yani kipimo cha hedifoni zinavyoukinza umeme, ndo inayowapa wauzaji ulaji. Mteja akiiona anaogopa, anaona namba kubwa basi lazima na mashine iwe kubwa. Omu peke yake haikwambii hedifoni itapiga sauti kiasi gani, unaisoma pamoja na namba ya pili, ile ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ambayo kwa DT 990 Pro kiwanda kimeandika 96 kwa milliwati 1. Chukua kalamu. Kupeleka milliwati 1 kwenye omu 250 unahitaji nusu volti, kwa hiyo nusu volti inakupa desibeli 96. Ukizidisha volti mara mbili unaongeza desibeli 6, yani volti 1 inakupa 102 na volti 2 inakupa 108. Hizo ni zile sehemu wimbo unapogonga juu kabisa, wastani wake unakaa chini ya hapo kwa desibeli kumi na kitu, na nyimbo za zamani hata ishirini maana hazikubanwa kama hizi za sasa ambazo zinapiga kelele kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho. Simu nyingi hazifiki hata volti 1, ndo maana unalalamika.

Linganisha na M50x za Audio-Technica ambazo zimejaa mtaani, na feki zake zimejaa zaidi: omu 38, desibeli 99, ukizipa volti 1 zinafika 113 na utazivua mwenyewe. Mtu mwenye hizo akiniambia anatafuta amplifaya namuuliza anaenda kusikiliza na nani.

Kwa hiyo dukani we uliza volti. Wati na rangi ya taa za mbele waachie wao. Kiadapta cha Apple cha USB-C kule Marekani kinauzwa dola 9 na ni kisafi ajabu, wapimaji wengi wamekipima na hakuna aliyekicheka, ila kiko cha aina mbili na kwa macho ni mapacha. Cha soko la Marekani kinatoa volti 1, cha Ulaya kimebanwa mpaka nusu volti kulinda masikio ya watu. Angalia namba ndogo zilizoandikwa kwenye kiadapta chenyewe, A2049 ndo ya Marekani, A2155 ya Ulaya. Kwa hiyo tafadhali usimtume kaka yako akununulie Ujerumani, utarudi palepale ulipo. Halafu kwenye simu nyingi za Android hicho kiadapta kinaanza na sauti iliyopunguzwa na simu haina namna ya kuipandisha, mpaka utumie programu ya muziki inayoongea na USB moja kwa moja. Kama una Android naona ukiruke tu.

Wewe chukua kiadapta cha volti 2. Vipo vya JCALLY JM20, vipo vya FiiO KA11, bei yake ni kati ya dola 20 na 35, ukijumlisha na kusafirisha bado hujaimaliza laki na nusu yako. Desibeli 108 kwa masikio ya binadamu ni nyingi kuliko unavyohitaji. Ukichomeka simu ikajifanya haioni kitu usikimbilie kukirudisha, simu za Oppo na OnePlus zina swichi ya OTG (ya kuruhusu vifaa vya USB) kwenye mipangilio, unaiwasha kwanza, na usipoitumia kwa dakika kama kumi inajizima yenyewe, wengi wamerudisha mali nzima dukani kwa sababu hiyo.

Na huyo wa laki nne umwambie hivi. Mwaka 2011 kuna jamaa mmoja mtandaoni alijiita NwAvGuy, jina lake halisi mpaka leo halijulikani, alichoka kusikia kwamba amplifaya safi lazima iwe ghali, akachora ya kwake akaiita O2, inatembea na betri mbili za volti 9, akaweka mchoro wazi mtu yeyote aijenge, na ilipopimwa ikazikaribia au kuzipita za bei ya mara kumi. Mwaka uliofuata akapotea, hajaandika tena. Toka hapo kampuni zimekuwa zikiuza amplifaya safi za mezani kwa dola 100 na zaidi ya hapo unalipia boksi. Kwa hiyo hata siku ukitaka kubwa ya mezani, laki nne tayari inatosha amplifaya NA DAC, sio amplifaya peke yake.

Ila kuna kitu umekisema na hukukiona. Umesema bado unaisikia feni. Mdogo wangu, hizo DT 990 migongo yake iko wazi, zimetengenezwa hivo makusudi ili muziki uwe na nafasi, sauti inatoka nje na ya nje inaingia. Hata ukiweka mashine ya milioni feni utaisikia, na mtu uliyelala naye chumba kimoja atausikia muziki wako. Ukipata hicho kiadapta usije ukapandisha sauti kushindana na feni. Zima feni, au kama joto la Dar halikuruhusu basi hizo sikiliza alfajiri.

SWALI: Fundi nimenunua adapta ya Type-C ya elfu tano, kwenye simu ya rafiki yangu inafanya kazi, kwangu kimya. Simu yangu mbovu? (Morogoro)

FUNDI: Simu nzima. Hiyo adapta ndani haina DAC, ni waya mtupu. Kuna simu chache zinazotoa muziki ulioshageuzwa kwenye tundu lile la chaji, ya rafiki yako ni mojawapo, yako inatoa namba tu na inategemea kiadapta kigeuze. Ukirudi dukani sema unataka "yenye chip ndani" na ijaribu hapohapo kwenye simu yako kabla hujatoa hela.

SWALI: Hujambo fundi. Mimi natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, nikichomeka hedifoni pale mbele nasikia mlio wa ziii, na nikisogeza mausi ule mlio wabadilika kama unanifuata. Nikanunua DAC ya USB, mlio ukaisha kwenye hedifoni. Lakini nilipounganisha hiyo DAC na spika zangu za umeme, ukaanza mngurumo mwingine mzito. Je, DAC mbovu? (Kisauni, Mombasa)

FUNDI: Sijambo ndugu yangu wa Pwani, na nakupongeza kwa masikio, hizo ni kelele mbili tofauti na umezitenganisha vizuri.

Ile ya kwanza ni ya ndani ya boksi. Tundu la mbele limeletewa muziki kwa waya mwembamba unaopita juu ya kila kitu kinachofanya kazi mle ndani, ukisogeza mausi kompyuta inafanya kazi kidogo na ule waya unadaka. Ungejaribu tundu la nyuma huenda ungeokoa hela yako, lakini umeshanunua basi, na kwa kweli hii ndo sababu moja ya maana ya mtu mwenye kompyuta kununua DAC ya nje: kazi ya kugeuza inafanyika mbali na makelele.

Ya pili ni ya ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Kompyuta yako ina waya wa ethi, spika zako zina ethi, na waya wa muziki umeziunganisha tena katikati, sasa umeme umepata njia ya kuzunguka duara na wewe unausikia ukinguruma. Hedifoni haina plagi ya ukutani ndo maana kule kulikuwa kimya. Chomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja, mara nyingi mngurumo unapungua au unakwisha hapohapo. Usipokwisha, angalia kama kompyuta na spika zina tundu la optiko, lile linalopitisha mwanga, mwanga haubebi mngurumo. Usipokuwa nalo kuna kidude cha kutenganisha USB kinawekwa katikati.

Kuna fundi atakwambia ukate ile pini ndefu ya juu kwenye plagi. Itanyamaza kweli, na siku waya wa moto ukigusa bodi ya kompyuta utakuwa wewe ndo ethi. Usikate. Hata nyumba nyingine zetu hazina ethi kabisa ukutani, ile laptopu inayokutekenya ukiigusa ukiwa peku mara nyingi ndo hiyo habari, muite fundi umeme akupimie.

SWALI: Kijiweni kwetu tunabishana. Mwenzangu ana DAC ya biti 32 na kilohezi 384, anasema anasikia vitu kwenye muziki wa zilizopendwa ambavyo sisi hatusikii. Mi nasema ni ujuaji. Tutatue. (Mwananyamala)

FUNDI: Hamjaniambia mmewekeana nini, lakini sawa.

Sidii ilipoingia sokoni mwaka 1982, Philips na Sony walikubaliana namba mbili: biti 16, yani kila kipimo cha sauti kinaandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja, na sampuli 44,100 kila sekunde, yani sauti inapimwa mara 44,100. Biti 16 zinakupa tofauti ya desibeli kama 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini. Chumba kilichotulia usiku kina desibeli 30 hivi, kwa hiyo ili uzisikie zote 96 juu ya ule ukimya ungehitaji kupiga muziki wa desibeli 126 na baada ya hapo usingesikia kitu tena. Zile sampuli 44,100 zinafikisha sauti nyembamba ya mpaka hezi elfu 22 na kitu, kijana mwenye masikio mazima anafika elfu 20, mwenye umri wangu anashukuru akifika elfu 12.

Sasa huyo mwenzako anasikiliza zilizopendwa. Nyingi zilirekodiwa kwenye tepu, pale Radio Tanzania bendi inaingia studio inapiga wimbo mzima kwa pamoja, tepu yenyewe ina mvumo wake ambao hata biti 16 zinaukuta umeshakaa pale unasubiri. Halafu kabla haujafika kwake mtu aliuhamisha kwenye kaseti, mwingine akautoa kwenye kaseti akaufanya mp3, ukatumwa WhatsApp mara mia. Ukiutia wimbo wa hivo kwenye DAC ya kilohezi 384 (sampuli 384,000 kila sekunde) ni sawa na kuchotea maji ya dimbwi kwa glasi ya kioo. Anachosikia yeye kinaweza kuwa cha kweli lakini kinatoka kwenye hedifoni zake, au ameweka sauti juu kidogo kuliko zenu, sikio linapenda kilicho juu hata kwa desibeli moja. Wekeni sauti sawasawa, mfungeni kitambaa machoni, abadilishiwe bila kuambiwa, mara kumi. Mkishamaliza mniandikie nani kalipa.

SWALI: Asalaam aleykum. Dada yangu yuko Marekani anataka kuniletea amplifaya ndogo ya hedifoni, nzuri na bei poa. Kuna la kuangalia? (Ilala)

FUNDI: Waaleykum salaam. Moja tu, na nalijua kwa sababu lilinikuta mimi mwenyewe. Niliagiziwa amplifaya ya mezani kutoka hukohuko, imekuja na chaja nyeusi nzito kama jiwe la kusagia, mimi kwa furaha sikusoma chochote nikachomeka, ikalia "tk", moshi mwembamba, harufu ikakaa chumbani siku mbili na mke wangu akanitazama bila kusema neno, ambayo ni mbaya kuliko kusema. Umeme wa Marekani ni volti 120 na wa kwetu 230. Chaja za simu na laptopu tumezizoea hazijali kwa sababu zimeandikwa 100-240V, lakini amplifaya nyingi za bei poa za kule zinakuja na transfoma ya kizamani iliyofungiwa volti moja tu.

Mwambie dada kabla hajalipa asome maandishi ya chaja. Ikiandikwa INPUT 100-240V alete. Ikiandikwa 120V peke yake, aulize kama kiwanda kinauza ya 230V, wengi wanayo. Akishaileta ya 120V itabidi utafute transfoma ya kushusha umeme, inapatikana lakini ni kubwa kuliko amplifaya yenyewe. Na usibadilishe chaja kwa kuangalia kama pini inaingia, nyingine zinatoa AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa ukutani, na chaja zote za droo yako zinatoa DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri. Mimi siku hizi najipendea za kutumia USB, Tanesco wakikata unachomeka pawabenki unaendelea.

SWALI: Nina studio ndogo nyumbani, natumia Focusrite Scarlett Solo kurekodi vokali, hedifoni zangu omu 80. Nahitaji DAC gani ya kumiksia? (Mbeya)

FUNDI: Hiyo uliyonayo. Scarlett ni DAC na amplifaya ya hedifoni, juu yake umewekewa na tundu la maiki. Omu 80 inaziweza. Hiyo hela nunua magodoro ya zamani ukaweke ukutani nyuma ya maiki, nimezisikia vokali za studio za vyumbani, mnarekodi mwangwi wa bati.

SWALI: Habari fundi. Mwanangu ana miaka 14, anacheza gemu la mpira kwenye PlayStation 4 na hedifoni kichwani kutwa nzima wikiendi. Sasa ananiambia hedifoni zake hazifanyi vizuri mpaka nimnunulie "amp na dac". Nimesoma kwamba zinaharibu masikio. Nimnunulie au ni uongo? (Mama wa wawili, Moshi)

FUNDI: Nzuri mama. Mashine yenyewe haiharibu sikio, kinachoharibu ni sauti kubwa kwa muda mrefu, na mashine inamrahisishia kufika huko. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 mtu mzima anaweza kusikiliza mpaka saa 40 kwa wiki (mtoto ni chini ya hapo). Ikipanda 90 zinabaki saa 4. Umeona inavyoporomoka? Kumi tu zimeongezeka. Sasa hedifoni za gemu nyingi ni omu 32, nyepesi kusukuma, zikipewa amplifaya yenye nguvu zinapita 110 bila shida na kijana wa miaka 14 hana breki.

Ile pedi ya PS4 ina tundu la hedifoni chini yake, humo ndani DAC na amplifaya vimo, vinamtosha. Jioni akiwa amevaa simama karibu naye hatua moja, umuongeleshe kwa sauti yako ya kawaida. Asipokusikia, punguza. Kama kweli anadai zimebadilika, hazipigi kama mwanzo, ziangalie zile pedi za sponji za masikio, zikichanika au zikibonyea besi yote inavujia pembeni na mtoto anapandisha sauti kuifidia. Pedi mpya ni elfu kumi na kitu, unazivalisha kama soksi.